Glavu ya besiboli ya mtumba, elfu nane Mwanjelwa: nimeitumia miezi saba

Nianze na bei maana najua ndo kitu cha kwanza mnatafuta: elfu nane. Glavu ya besiboli, ngozi tupu, ya mtumba, nimeitoa soko la Mwanjelwa hapa Mbeya mwezi wa kwanza na mpaka naandika hapa imemaliza miezi saba mkononi kwangu na kwa mpwa wangu. Muuzaji alianza na kumi na tano, nikaishika, nikaigeuzageuza, nikaivaa, yeye ananiangalia tu anaona kama nasita, akasema mwenyewe bila mi kufungua mdomo, "Kaka nisikufiche, hii imebaki moja, pea yake sijui imepotelea wapi kwenye belo, toa elfu nane uondoke nayo." Mi nikanyamaza. Najua siyo vizuri lakini nilinyamaza, nikatoa elfu nane, nikaondoka haraka kabla hajapata wazo lingine.

Kwa wasioujua huu mchezo, glavu ya besiboli haina pea. Unavaa moja tu, mkono ule usiorushia, ule mwingine unabaki mtupu kwa ajili ya kurusha. Kwa hiyo yule bwana alinipunguzia hela kwa kasoro ambayo haipo. Kwenye meza yake alikuwa ameiweka katikati ya viatu vya kuteleza kwenye barafu na glavu za kutolea mkate kwenye oveni, na mama mmoja pembeni aliniuliza kama naenda kuchoma vyuma.

Mi huu mchezo sijazaliwa nao, kwetu ni Uyole huku, mpira ni mpira wa miguu na tukikosa mpira tunafunga chandimu cha makaratasi na soksi basi. Ila nilikaa Dar miaka kadhaa kwa baba mdogo, shule yetu haikuwa mbali na sekondari ya Azania, na Azania ndo kwenye ile habari ya Wajapani, walileta besiboli pale wakafundisha vijana, na baadaye ukajengwa uwanja wa besiboli kabisa kwa msaada wao. Nilikuwa napita naangalia, siku moja wakanipa nirushe, nikarusha ikaenda juu ya uzio, wakacheka, nikarudi kesho yake. Sikuwahi kuwa mchezaji wa maana lakini ugonjwa niliupata, na ukiupata Dar halafu ukarudi Mbeya unabaki nao peke yako kama mtu anayeongea lugha ya mbali.

Sasa glavu yenyewe. Ngozi ni nzito, rangi ya kahawia iliyoiva, imeandikwa 12 kwenye kidole gumba, hizo ni inchi, yaani sentimita kama 30 kutoka chini ya kiganja mpaka ncha ya kidole. Ni ya mkono wa kushoto, ya mtu anayerusha kwa kulia. Kile kipande kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, mi nakiita wavu, kwenye hii siyo wavu kwa kweli maana kimefumwa kikazibwa chote, huoni upande wa pili hata uiinue juani. Hapo ndo nilijua nimeokota nini. Glavu za wachezaji wengi wanaosimama karibu na mpigaji zina matundu pale, ila pitcha, yule anayemrushia mpira mpigaji, anataka pazibwe, kwa sababu anapanga vidole vyake kwenye mpira ndani ya glavu na mpigaji akiona tu vidole vimekaaje basi ameshajua mpira unakuja wa moja kwa moja au utazama. Kwa hiyo hii ni glavu ya kuficha siri. Na kingine, katikati ya kiganja haikupigwa sana, haijachimbika kama glavu za wale wanaodaka mipira ya moto siku nzima, maana pitcha mara nyingi anadaka tu ule mpira anaorudishiwa na kecha, yule anayedaka nyuma ya mpigaji. Ila pale juu ya kidole cha shahada na pembeni pameisha, pamelainika na pana weusi wa jasho la miaka. Mtu aliikumbatia hii kitu sana.

Kasoro sasa, maana nisije nikaonekana nimelipwa. Kamba za ngozi zinazoshika wavu zilikuwa mbili zimekatika na ya tatu inakatika ukiitazama vibaya. Bitana ya ndani kwenye kidole cha mwisho imechanika. Harufu, aisee. Harufu ya kabati la mtu mwingine, niliiweka dirishani wiki nzima na bado dada yangu alisema niipeleke nje. Na ilikuwa ngumu kama ubao, kwa sababu imekaa kwenye belo imebanwa na makoti.

Nikaipeleka kwa fundi viatu, yule anayekaa upande wa Kabwe karibu na wanaouza mikanda, mzee wa makamo, haongei sana. Huyu nampa nyota tano bila mjadala. Nilimweleza hii ni ya kudakia mpira mgumu unaokuja kwa kasi, akauliza mgumu kiasi gani, nikamwonyesha mpira, akaugonga mezani, akasema "Mhh, huu unaua." Afu akaishika glavu akaangalia kamba zimepitaje kwa muda mrefu, dakika kumi kabisa, hakugusa kitu, anafuata tu kwa kidole inaingia hapa inatokea pale, kama mtu anasoma. Akaniambia rudi kesho na usije na kamba za dukani hazitafaa. Kesho yake nakuta amechana mkanda wa mkoba wa mtumba wa ngozi ya kweli, amekata kamba nyembamba ndefu, amezipaka nta, amepitisha zote tatu na mafundo yake yako kama ya kiwandani. Elfu tano. Bitana akaniwekea kipande cha ngozi laini bure, nikamwambia ndaga baba, akatabasamu tu akaendelea na soli za mtu. Kwa hiyo jumla hesabu ni elfu kumi na tatu, na glavu mpya ya ngozi kuagiza nje ni hela ya kununua mbuzi, na bado usafiri.

Mafuta: msifanye kosa langu. Nilisoma kwamba ngozi inataka mafuta, nikawaza huku kwetu parachichi limejaa kutoka Rungwe na mafuta yake si ndo wanasema mazuri kwa ngozi, nikapaka ya kutosha. Ikanyonya yote, ikawa nzito kama tambara la maji na siku ya tatu imeanza kunuka kachumbari. Nikaifuta kwa wiki mbili. Saivi napaka Vaseline kidogo sana kila mwezi, nafuta, naweka mpira katikati naifunga na kamba nalala nayo chini ya godoro. Inashika umbo vizuri. Na mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Mbeya mnaijua, ngozi inakakamaa asubuhi mpaka uipige ngumi kidogo ndo iamke. Siyo ubovu wa glavu, ngozi ndivyo ilivyo kwenye baridi. Kuna mechi moja maarufu ya ligi ndogo Marekani, Pawtucket na Rochester mwaka 1981, ilianza tarehe 18 Aprili usiku ikaenda mpaka saa kumi alfajiri haijaisha, baridi kali wachezaji wakawa wanachoma magongo ya kupigia yaliyovunjika wapate moto, uwanjani wamebaki watazamaji 19, ikabidi waahirishe ikamaliziwa Juni, raundi 33, wakati mechi ya kawaida ni 9. Huwa nawakumbuka hao watu nikiwa naipiga ngumi glavu saa moja asubuhi pale Uyole.

Sasa hapa ndo penyewe. Upande wa ndani wa mkanda wa kifundo kuna maandishi ya maka pen. Namba 38 inasomeka vizuri, afu jina, lakini jina limefutika, imebaki herufi kama mbili na mkia wa ya tatu. Nilikaa na tochi ya simu nikaigeuza kila upande nikashindwa. Nikaanza kujiuliza hii ilikuwa ya nani, maana mtu wa mtaani anayecheza Jumapili haandiki namba, namba anaandika mtu mwenye timu, mtu ambaye glavu yake inakaa kwenye begi moja na glavu za wenzake 25. Inawezekana alikuwa wa shule tu. Ila mi kichwani nimeshaamua alikuwa pitcha wa ligi ndogo na hamnitoi hapo.

Na ukishaamua hivyo unaanza kusoma, na nilichosoma ndo kimenifanya niandike marefu hivi kuhusu kitu cha elfu nane. Ligi ndogo ya kule siyo kama Championship ya kwetu. Sisi wa Mbeya City tunajua kushuka na kupanda, timu nzima inashuka, mashabiki wanalia, inapanda tena, watu tunajaa barabarani. Kule timu haishuki wala haipandi. Kila timu ya ligi kuu, ziko 30, ina timu zake nne chini zimetawanyika kwenye miji midogo, Single-A, High-A, Double-A na Triple-A, ndo unapata timu 120, na chini kabisa kuna zile za wanaoanza Arizona na Florida na ile ya kiangazi ya Jamhuri ya Dominika. Anayepanda ni mtu. Mmoja mmoja. Yaani chukua vijana wa Simba, wagawe wengine wakae Njombe, wengine Songea, wengine Makambako, na kila siku kocha anaweza kumwita mmoja akamwambia pakia begi unaenda Iringa, au pakia begi unaenda kwenu. Timu ikichukua ubingwa we ukarusha vibaya hujafanya kitu, timu ikifungwa mechi 20 we ukarusha vizuri unapanda. Sijui urafiki unakuwaje kwenye hali hiyo, mwenzako akiumia nafasi yako inafunguka. Hata Michael Jordan, yule yule wa kikapu, alipojaribu besiboli mwaka 1994 walimpeleka Double-A, Birmingham Barons, akapanda basi kama wengine na hakufika ligi kuu.

Hela ndo ilinishtua. Tumezoea kusikia mchezaji Marekani tunawaza mamilioni ya dola. Kabla ya 2023 kima cha chini kwa mchezaji wa Triple-A, hatua moja tu chini ya ligi kuu, ilikuwa dola 17,500 kwa mwaka, na wale wa chini kabisa dola 4,800. Kwa mwaka jamani. Walikuwa wanalipwa msimu tu, miezi mingine wanaenda kubeba mizigo ghalani na kufundisha watoto kurusha, wanapanga chumba watu sita wanalala kwenye magodoro ya upepo, wanakula mkate na siagi ya karanga. Kesi ilifunguliwa 2014, ikaja kumalizwa 2022 kwa makubaliano ya dola milioni 185, mwaka huohuo timu zikaanza kutoa nyumba, na 2023 wakapata mkataba wao wa kwanza wa pamoja kupitia chama cha wachezaji, Triple-A ikawa 35,800 na wale wa chini 19,800. Sa linganisha na ligi kuu, kima cha chini 2025 kilikuwa dola 760,000. Mara 21. Kati ya yule wa Triple-A na yule wa juu tofauti yao uwanjani inaweza kuwa mpira mmoja unaozama vizuri zaidi kidogo, na mshahara ni mara 21.

Nilipomsomea mpwa wangu hizo namba, ana miaka 12, akauliza, "Mjomba, kwa hiyo huyu wa namba 38 alikuwa maskini kama sisi?" Nikamwambia sisi siyo maskini, nenda kachote maji.

Ila aliyenikalia moyoni siyo wa mishahara, ni jamaa mmoja anaitwa Steve Dalkowski. Huyu alisajiliwa na Baltimore Orioles mwaka 1957 akiwa kijana, na watu waliomwona wanaapa hawajawahi kuona mtu anarusha kasi kama yeye, mpaka leo. Shida hakujua mpira unaenda wapi. Mwaka wake wa kwanza pale Kingsport alirusha raundi 62, akawatoa wapigaji 121 kwa straiki, yaani mipira iliyowashinda kupiga, hiyo ni kubwa sana, na akawapa njia ya bure wengine 129 kwa kurusha ovyo. Mwaka 1960 akiwa Stockton ndo kichekesho na kilio kwa pamoja, raundi 170, aliowatoa 262, aliowapa bure 262. Sawasawa. Kama mizani ya duka la mtu mwaminifu. Walimpeleka hata kambi ya jeshi kupima kasi yake kwa mashine, akiwa amerusha mechi siku iliyotangulia, hakuna kilima cha kusimamia, na akatumia muda mrefu kuipata tu mashine yenyewe, ikasoma maili 93 na kitu, yaani kama kilomita 150 kwa saa, amechoka. 1962 akawa chini ya kocha Earl Weaver pale Elmira akaanza kutulia, mpira ukaanza kusikia. Mwezi wa tatu 1963, kambi ya maandalizi, nafasi ya ligi kuu iko mkononi na jezi ya Orioles ameshapimiwa, anarusha dhidi ya Yankees kiwiko kikamwachia. Ndo ikawa hivyo. Alirudi akazunguka timu za chini mpaka 1965 lakini ule mpira haukurudi tena. Baadaye akawa kibarua wa kuvuna mashambani California, na pombe. Alifariki Aprili 2020, miaka 80, kwenye mji wake wa New Britain, wakati ule wa korona. Hakurusha mpira hata mmoja kwenye ligi kuu.

Mi nina watu nawajua huku kwenye viazi wana stori kama hiyo ya miguu badala ya mkono, mtu alikuwa aende Prisons au aende Dar, goti, sasa anabeba magunia, na ukimkuta jioni anakuambia alivyokuwa anapiga mashuti. Sitataja watu. Ila nikiivaa ile glavu nawaona.

Afu kuna upande mwingine ambao vijana wa hapa mnapaswa kuusikia, maana siyo mambo ya Wamarekani tu. Uganda hapa jirani, mwaka 2012 watoto wao walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza ule mchuano wa dunia wa Little League, besiboli ya watoto, 2011 walifuzu wakanyimwa viza. Mwaka 2022 Dodgers, timu ya ligi kuu ya kule, wakasajili vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma ambaye ni pitcha, na Umar Male. Mwaka uliofuata Pirates, nao wa ligi kuu, wakamchukua David Matoma, pitcha pia, anarusha zaidi ya maili 95 kwa saa, kilomita 153 na kuendelea. Mpira unasafiri mita 18 na kitu kwa muda wa kupepesa jicho, sekunde 0.4 hivi. Na Tayler Scott, mzaliwa wa Afrika Kusini, alichaguliwa na Cubs 2011 na akaja kusimama kwenye kilima cha ligi kuu Juni 2019 akiwa na Seattle. Hesabu hapo, miaka nane ya kupakia begi na kupakua begi. Afu akaenda Japani, akarudi. Huyo ni mmoja aliyefika.

Turudi kwenye matumizi maana hii ni tathmini ya bidhaa nisije nikapotea. Tunatumia kiwanja cha karibu na nyumbani, nimepima na futi ya fundi seremala mita 18.44 kutoka anaposimama pitcha mpaka kwenye sahani ya nyumbani, pale kwa mpigaji, ndo kipimo cha wakubwa, kwa mpwa nimesogeza karibu. Kilima cha pitcha kinatakiwa kiwe sentimita 25 juu, kwa watu wa Dar hiyo ni kazi ya koleo na udongo, sisi Mbeya hatuna shida, hakuna kiwanja kisicho na mlima, unachagua tu upande. Glavu inadaka vizuri, mpira ukiingia kwenye wavu ule uliozibwa unabaki, hautoki, na sauti yake, ile "pwaa", ukiisikia mara moja basi unataka tena. Kamba za fundi hazijalegea hata moja. Kiganja kwa mrushaji mwenye nguvu kinauma, ngozi ya katikati ni nyembamba kuliko ya kecha, kwa hiyo usimpe mtu mzima akurushie kwa hasira. Kwa mtoto wa miaka 12 ni kubwa, mkono unapotea ndani, ila anasema anaipenda hivyohivyo na akiambiwa aivue ananuna.

Mpira niuseme kidogo. Wa kwanza niliagiza kwa simu kwenye duka moja la mtandaoni, sitalitaja, picha nzuri, nyuzi nyekundu, imeandikwa wa kiwango cha kimataifa. Umekuja mwepesi, nikajua, nikaurusha ukutani mara tatu ukafunguka kama chungwa, ndani plastiki na vumbi la mbao. Mpira wa kweli una gramu 142 mpaka 149, mishono 108, ndani kokwa la koki, ile ya vizibo vya chupa, na raba, limezungushiwa nyuzi za sufu. Nilipeleka malalamiko wakanijibu na emoji ya mikono miwili. Saivi tunao mmoja tu wa kweli, aliniletea rafiki yangu wa Dar, na ukipotelea kwenye mahindi tunasimamisha kila kitu mpaka upatikane, wakati wa masika tuliutafuta mpaka magharibi.

Na hapa niseme kosa langu kubwa zaidi ya yale mafuta. Mwezi wa nne mpwa alikuwa anarusha kila siku akitoka shule, mia, mia na ishirini, mi nafurahi naona kipaji, jioni moja akashindwa kunyoosha kiwiko. Bibi yake akamchua akanitukana kwa Kinyakyusa mpaka nikaishiwa pa kukaa. Nikaenda kusoma, nikakuta kule Little League mtoto wa miaka 11 na 12 haruhusiwi kuzidisha mipira 85 kwa siku, na akirusha 66 au zaidi anapumzika siku nne. Siku nne! Mi nilikuwa nampa siku sifuri. Kuna kano upande wa ndani wa kiwiko, ndo hiyo inakatika kwa mapitcha, na tangu 1974 daktari Frank Jobe alipomfanyia pitcha Tommy John upasuaji wa kwanza wanachukua kano kutoka sehemu nyingine, mara nyingi kwenye mkono wenyewe, wanaipitisha pale kwenye mfupa kama fundi wangu wa Kabwe alivyopitisha kamba, na mtu anakaa mwaka au zaidi ndo arudi kurusha. Dalkowski aliumia miaka 11 kabla. Hiyo nimeifikiria sana. Mpwa alipumzika mwezi mzima, kiwiko kimepona, saivi nahesabu kwa punje za mahindi mfukoni, kila mpira punje moja, zikifika 50 tunaenda nyumbani anune asinune.

Kwa hiyo glavu nyota nne. Nyota moja nimeitoa kwa harufu maana haijaisha mpaka leo, na kama mvua imenyesha inarudi upya. Muuzaji nyota nne na nusu, ana lugha nzuri, ukitaka vitu vya michezo nenda siku belo linafunguliwa asubuhi kabla wale wa viatu hawajapekua, na usionyeshe kwamba unajua unachokitafuta. Fundi nimeshasema.

Nilikuwa nimemaliza hapo, ila juzi simu imeita, muuzaji yule. Kumbe namba yangu alibaki nayo kwenye muamala. Ana furaha kweli, anapiga kelele, "Kaka! Pea yako imepatikana!" Nikamuuliza pea gani, akasema ile ya glavu, imekuja na belo jipya, ya kulia kabisa, rangi ni tofauti kidogo lakini ukipaka dawa haionekani. Nikaenda. Ni kweli, glavu ya mkono wa kulia, ya mtu wa shoto, wavu umezibwa vilevile, ya pitcha tena, na mapitcha wa shoto kule wanatafutwa kwa tochi. Safari hii anataka elfu ishirini na tano, hashuki, anasema ile ya kwanza aliniuzia bei ya kutupa kwa sababu ilikuwa moja na sasa nitakuwa na seti kamili. Rafiki yake mpwa, yule anayeandika kwa kushoto, ameshaivaa na hataki kuivua. Kesho narudi na elfu kumi na mbili mfukoni.